Tumetumwa Wawili: Shajara ya Mradi wa Kusini, Dar es Salaam

Jumapili, usiku

Shajara hii inafuatilia mradi ambao kanisa letu la Nakuru linauita tu Kusini. Lengo lake ni mimi na mume wangu tukae mkoa wa Lindi kwa miaka kadhaa, chini ya uangalizi wa Wakristo ambao tayari wako huko. Yeye atatengeneza pampu na mabomba ya visima, mimi nitafundisha ushonaji, na wote wawili tutamshuhudia Kristo kwa maisha yetu na kwa vinywa vyetu. Kabla ya Lindi kuna mafunzo, nayo yanafanyika katika kituo kidogo upande wa Kigamboni. Kamati ya umisionari imeomba ipelekewe habari za maendeleo kwa maandishi, na kazi hiyo nimeiomba mimi. Watu wanaotuchangia kila mwezi, wengine kutoka meza ya mboga sokoni, wanastahili kujua zaidi ya kwamba tumefika salama.

Tumefika salama. Pale Namanga, tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipofunguliwa rasmi mwaka 2018, mtu hugongewa mihuri yote miwili ndani ya jengo moja. Kadi za homa ya manjano zilitazamwa, pasipoti zikafuata, na kwa kuwa sisi ni raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tukapewa ruhusa ya kuingia bila malipo. Ruhusa hiyo ni ya kuingilia tu. Vibali vya kukaa na kufanya kazi ni habari nyingine, na nadhani itakuwa habari ndefu. Kisha Arusha, Moshi, Korogwe, Chalinze, mpaka kituo cha Magufuli pale Mbezi, ambako ndugu wa kituo walikuwa wakitusubiri na gari. Tukavuka Daraja la Nyerere gizani, tukaingia Kigamboni.

Jumatatu

Tumeandikishwa. Darasa letu ni dogo: sisi, wanandoa vijana kutoka Mbeya, mhudumu mmoja wa afya kutoka Burundi, na dada wawili wa hapahapa Dar es Salaam wanaojiandaa kwenda Msumbiji. Wakufunzi wakuu ni mume na mke, wazee wetu, waliotumika kusini kwa muda mrefu. Tunawaita Baba Mchungaji na Mama Mchungaji kama wafanyavyo wote hapa.

Nilitarajia tuketi pamoja kwa mahojiano. Badala yake kila mmoja alipelekwa chumba chake, akapewa fomu yake na mkufunzi wake. Swali la kwanza lilikuwa: unatumwa kufanya nini? Mama Mchungaji alinisikiliza nikieleza habari za cherehani, kikundi cha akina mama, na masomo ya Biblia baada ya kazi. Akaandika yote. Kisha akaifungua barua ya kutumwa kutoka kanisa letu, akaisoma taratibu, akanigeuzia. Inasema kanisa linamtuma mume wangu, kwa jina lake kamili na ujuzi wake, "akiandamana na mke wake". Jina langu halimo.

Akaniuliza kama siku ya ibada ya kuagwa tuliwekewa mikono wote wawili. Nikamjibu ndiyo, tulipiga magoti pamoja. Akasema basi barua haijasema yote yaliyotendeka madhabahuni, na akaniomba nilifikirie jambo hilo kabla ya wiki kwisha. Hakuongeza neno.

Ninaandika hapa bila kuficha kwamba lilinigusa. Wazee walioiandika barua ile ni wazee wangu, wananipenda, na ndivyo barua hizi zinavyoandikwa kwa kawaida katika makanisa mengi niliyoyajua. Lakini mimi sikumsindikiza mtu Dar es Salaam.

Jumanne

Siku ya ofisi. Kwanza ofisi ya serikali ya mtaa, kujitambulisha kwa mwenyekiti na kwa mjumbe wa eneo tunalokaa. Baba Mchungaji hufanya hivi na kila kundi kabla ya somo la kwanza kufundishwa, na anasisitiza kwamba tuseme wazi sisi ni nani: Wakristo, wanafunzi wa umisionari, raia wa Kenya. Hataki hata mmoja ajiite mfanyabiashara au mtalii ili mambo yaende upesi. Mwenyekiti alituandika kwenye daftari lake, akauliza tunakaa kwa nani, akatutakia masomo mema. Adabu ile ya kujulishana ilinipendeza sana.

Kisha mkufunzi wa mambo ya sheria akatueleza vibali. Mmisionari anayekwenda kukaa na kufanya kazi huombewa kibali cha ukaazi daraja C, lile linalohusu pia wanafunzi, watafiti na watu wa kujitolea. Mwombaji huambatanisha barua ya wanaomtuma na ya wanaompokea. Mke wa mmisionari, kama barua haisemi ana kazi gani, huingia kwa njia rahisi zaidi, kama mtegemezi wa mumewe. Na mtegemezi ameruhusiwa kukaa na mwenziwe. Hakuruhusiwa kufanya kazi.

Nikamtazama mume wangu naye akanitazama. Jana jambo hili lilikuwa la moyo tu. Leo limekuwa la mradi: nusu ya Mradi wa Kusini ni ushonaji, na kwa karatasi zilivyo sasa mtu wa kuufundisha hayupo.

Jumatano

Darasa la leo lilikuwa la miguu. Tulivuka kwa pantoni asubuhi pamoja na wanafunzi wa shule, akina mama wenye ndoo za samaki, baiskeli na magari, tukashuka Kivukoni. Baba Mchungaji alitupitisha kando ya soko la Feri, tukafuata barabara ya ufukweni mpaka kanisa la Kilutheri la Azania Front. Tukakaa kwenye mabenchi ndani, juu yetu dari ya mbao, nje mnara na paa la vigae vyekundu.

Kanisa hilo lilijengwa na wamisionari Wajerumani kati ya mwaka 1898 na 1902. Karibu na hapo liko kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, la Wakatoliki, lililojengwa miaka ileile. Mtu akiyatazama leo, yakiwa yamejaa kwaya za Kiswahili, anaweza kudhani Injili ilishuka hapa kwa amani kutoka melini. Baba Mchungaji hakutaka tuondoke na wazo hilo. Alituambia chama cha Kiprotestanti kilichotuma watu Dar es Salaam mwaka 1887 kilikuwa kimeanzishwa Berlin mwaka 1886, siku zilezile ambapo kampuni ya Mjerumani Carl Peters ilikuwa ikijitwalia nchi kwa mikataba ambayo waliotia alama hawakuisoma. Watu wa pwani waliwaona wenye kampuni na wenye Biblia wakifika pamoja, wakizungumza lugha moja, wakilindwa na bendera moja.

Mwaka 1888 pwani iliwaka moto chini ya Abushiri, aliyeongoza uasi dhidi ya Wajerumani. Januari 1889 kituo cha watawa Wabenediktini cha Pugu, hapo nje ya mji, kilishambuliwa. Miongoni mwa waliouawa alikuwa Sista Martha Wansing, mwanamke aliyekuwa amekuja kuhudumu. Abushiri mwenyewe alinyongwa Pangani Desemba mwaka huohuo. Na huko tunakokwenda sisi, karibu na Liwale, Agosti 1905 Vita vya Maji Maji viliwakuta Askofu Cassian Spiss na wenzake njiani, mabruda wawili na masista wawili, wakauawa wote.

Mkaka wa Mbeya aliuliza kama wale waliokufa Pugu na Liwale ni mashahidi wa imani au ni watu waliolipia makosa ya kampuni. Baba Mchungaji alikaa kimya kidogo, kisha akasema anaamini walimpenda Mungu, na anaamini pia waliowaua walikuwa na sababu za kuogopa, na kwamba mmisionari asiyeweza kuyashika mambo hayo mawili kwa pamoja asipelekwe kusini.

Nimelifikiria jibu hilo mchana kutwa. Sisi hatuna bendera ya kutulinda, na hatuna kampuni. Lakini tunatoka Kenya, na kuna Watanzania wanaomwona Mkenya kama mtu wa kuja kuchukua. Hatutalibishia jambo hilo kwa maneno. Tutaishi chini ya Wakristo wa Lindi, wao wakituongoza, nadhani kwa muda mrefu, kabla hatujafungua mdomo kutoa shauri lolote.

Kabla ya kuondoka nilibaki dakika chache peke yangu pale ndani nikimwomba Mungu asitupe kazi ambayo hatutaweza kuitenda kwa upendo.

Alhamisi

Kwa kifupi. Joto la kaskazi linatuchosha sisi watu wa Nakuru, na kulala bila feni ni vigumu. Laini za simu zimesajiliwa kwa pasipoti. Mume wangu amelipenda somo la maji: mkufunzi alimpeleka Kibada kutazama visima vya watu binafsi na shida ya chumvi, akarudi na daftari limejaa michoro. Mimi nilianza kusoma ramani ya wilaya za Lindi.

Ijumaa

Kituo hakina mabweni. Kila mwanafunzi huwekwa katika nyumba ya mtu wa mtaani, na wengi wa wenyeji hao ni Waislamu. Sisi tunakaa Mjimwema kwa mama mjane anayepangisha vyumba uani kwake. Mtaa mzima unamwita Bi Mkubwa, nasi pia. Wanawe wameolewa, anaishi na wajukuu wawili. Alijua tangu mwanzo sisi ni nani, na siku ya kwanza alimwambia Mama Mchungaji mbele yetu: "Waje, ila wasinifiche kitu." Hatumfichi kitu.

Asubuhi adhana ya alfajiri inatuamsha, nasi tumeamua iwe ndiyo saa yetu ya kuomba pia. Leo Bi Mkubwa alirudi kutoka shughuli ya jirani akaniita jikoni. Alinipa mbuzi na nazi, akanionyesha kukaa sawasawa na kukuna bila kugusa kifuu, tui la kwanza likae pembeni, la pili lipikie mchicha, la kwanza liingie mwishoni moto ukiwa mdogo. Tulizungumza mengi. Aliniuliza habari za mama yangu, nilifiwa naye lini, na kama huko kwetu wanawake wanakwenda makaburini. Nami nilimuuliza habari za marehemu mumewe, aliyekuwa mvuvi. Mwishoni aliniuliza, kwa upole, kama nimekuja ili kumbadilisha dini.

Nilimwambia ukweli wangu wote. Nilimwambia naamini Yesu ni Bwana na ningefurahi kila mtu amjue, yeye pia, na kwamba sitamhadaa wala kumnunua, na kwamba chakula tunachokula pamoja na heshima ninayompa havina masharti. Akatikisa kichwa, akasema naye ananiombea niongoke, kisha tukacheka wote wawili na kupakua.

Kituo kina kanuni moja iliyoandikwa ukutani darasani: msaada usiwe chambo. Mwanamke akija kujifunza kushona Lindi, atafundishwa kushona mpaka ajue, awe anaingia kanisani au haingii. Mtu mmoja wa kamati yetu nyumbani aliwahi kuuliza kama haitakuwa hasara. Jibu langu kwake, kwa heshima, ni kwamba jirani akitendewa wema wenye masharti huyatambua masharti hayo mapema kuliko tunavyodhani, na baada ya hapo hata ushuhuda wa kweli hausikiki.

Jumamosi

Kariakoo, na Mama Mchungaji. Kazi ilikuwa kupata bei za vifaa vya kikundi cha ushonaji ili bajeti iwe ya kweli. Tulizunguka maduka ya cherehani, tukauliza Butterfly ya kukanyaga, mpya na iliyotumika, meza yake, mkanda, bobini, sindano, mafuta. Umeme wa vijijini hukatika, kwa hiyo ya kukanyaga ndiyo kipaumbele, ya motor baadaye. Pia mikasi, tepu, chaki, na vitambaa vya kujifunzia. Nilikuwa nimepanga kuanza na nguo za kitenge. Mama Mchungaji alinishauri nianze na sare za shule na madera, kwa sababu hizo zina wanunuzi mwaka mzima hata mahali ambapo fedha huonekana msimu wa korosho tu. Ni shauri la mtu aliyekaa Kusini, na limebadilisha mpango wangu wa miezi sita ya kwanza.

Bei zote nimeziandika kwenye daftari la mradi na zitaambatanishwa na bajeti.

Jumapili

Ibada katika kanisa la jirani, Kigamboni. Tulitambulishwa, na mchungaji akamkaribisha mume wangu atoe salamu. Alisimama akasema, "Bwana Yesu asifiwe, naomba tusalimu wote wawili," akaniita mbele. Hatukuwa tumepanga. Nilitoa salamu za Nakuru, tukaimba ubeti mmoja, kwaya ikatupokea. Nimefurahi mno leo.

Jumatatu

Somo la wanandoa. Mama Mchungaji ndiye aliyefundisha, saa tatu mfululizo, na ningependa kila mzee wa kamati yetu angekuwepo.

Alianza na wale tuliowasoma shuleni Kenya. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Waanglikana wa Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844. Kila mtoto wa Kenya amesikia habari za Krapf na Rebmann, Rabai na Kilimanjaro. Mama Mchungaji akauliza nani anajua Krapf alikuja Mombasa na nani. Darasa likanyamaza. Alikuja na mkewe, Rosine. Julai 1844, miezi michache tu baada ya kufika, Rosine alijifungua binti, akashikwa na homa, akafa, na mtoto akafa pia. Wamezikwa Mombasa. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kitandani. Baadaye aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi lile ni dalili kuwa kazi imeanza pwani hii.

Kwa hiyo kaburi la kwanza la umisionari ule ni la mwanamke na mtoto wake, kituo cha Rabai hakijaanzishwa, Rebmann hajafika. Mimi ni Mkenya, nimesoma, na nimefika Mombasa mara nyingi. Leo ndiyo mara ya kwanza jina la Rosine kutajwa mbele yangu kama jina la mtu aliyetumwa.

Kisha akatuleta karibu na kazi yetu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, wa misheni ya Kianglikana iliyoitwa ya Vyuo Vikuu, aliondoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wanaume kwa wanawake, wakaenda bara kusini na kuanzisha kijiji Masasi. Watu wale ndio walioijenga imani Kusini kwa jembe na kwa sala kabla ya makanisa ya mawe. Miaka kumi baadaye Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa utotoni na kusomeshwa katika shule ya misheni ya Kiungani, Unguja, alianza kazi Chitangali. Mwaka 1890 akawa kasisi wa kwanza Mwafrika katika misheni ile ya Vyuo Vikuu. Alikwenda Chitangali na mkewe, Lucy, na nyumba yao ndiyo ilikuwa kituo. Mama Mchungaji alisema tujaribu kuwaza kituo kile bila Lucy. Nani alipokea wageni, nani aliwafundisha wasichana, nani aliwasogelea wanawake wa Kiyao ambao kasisi mwanamume asingeweza kukaa nao jikoni?

Mwisho akafungua Matendo 18. Akila na Prisila, mafundi wa mahema, walimpokea Paulo kwa sababu walikuwa wa kazi moja. Wakasafiri naye mpaka Efeso. Walipomsikia Apolo akihubiri vizuri bila kujua yote, walimchukua kwao wakamweleza, wote wawili. Na Paulo anapowasalimu katika Warumi 16 anamtaja Priska, ndiye huyo Prisila, kwanza, kisha Akila, na kuwaita watenda kazi pamoja naye. Walikuwa mafundi, mume na mke, waliohama mji hadi mji na kazi ya mikono na Injili. Sioni maelezo yaliyo karibu zaidi na Mradi wa Kusini kuliko hayo.

Jioni mume wangu alisema jambo ambalo nataka libaki hapa. Alisema alikuwa ameiona barua ile kabla hatujaondoka, akaichukua kama utaratibu wa ofisi. Alidhani kwa kuwa yeye ananiheshimu, karatasi haina neno. Leo ameona kwamba karatasi ndiyo itakayotusemea kwa watu wasiotujua.

Jumanne

Bajeti. Baba Mchungaji aliianza kwa kumtaja Mkenya, Mchungaji John Gatu wa kanisa la Presbyterian. Mwaka 1971, akiwa Marekani, Gatu aliwaambia makanisa ya ng'ambo wasimamishe kwa muda kutuma watu na fedha Afrika, ili kanisa la Afrika lijue kama lina miguu. Mwaka 1974 mkutano wa makanisa ya Afrika yote huko Lusaka uliuchukua wito huo. Wengi walikasirika. Nyumbani kanisa lake lilisimama na neno moja, Jitegemea, na likajenga kwa sadaka zake.

Swali la darasa lilikuwa: je, wito wa Gatu unatuhusu sisi, Waafrika tunaokwenda kwa Waafrika? Mhudumu wa Burundi alisema hautuhusu, kwa kuwa Gatu alisema na Wazungu. Mimi nilisema unatuhusu sana. Kama Nakuru itakuwa inalipa kila kitu Lindi, kanisa la Lindi litasubiri Nakuru kama lilivyosubiri ng'ambo. Kwa hiyo tumeigawa bajeti yetu upya. Nakuru inatulisha sisi wawili, kodi, nauli na vibali. Cherehani za kwanza zinatoka Nakuru kama mkopo wa kikundi, na kikundi kinazirejesha kwa kazi ili cherehani zinazofuata zinunuliwe Lindi kwa fedha za Lindi. Mume wangu atatoza kila kamati ya kisima vipuri kwa bei ya dukani. Ufundi wake utakuwa sadaka mwaka wa kwanza tu.

Upande wa mapato hakuna mfadhili mkubwa. Kuna ahadi za watu wengi, ndogondogo, zinazotumwa kwa simu kila mwezi: wenye bodaboda wa stendi yetu, akina mama wa soko, walimu, vijana wa kwaya. Naamini mradi ulioshikwa na mikono mingi midogo ni imara kuliko ulioshikwa na mkono mmoja mkubwa, hata kama hesabu zake ni ngumu zaidi kuzitunza.

Limebaki jambo moja. Fedha zote huingia kwenye simu ya mume wangu. Kituo kinashauri akaunti ya mradi iwe na saini mbili na taarifa ipelekwe kwa mtunza hazina kila mwezi. Tumekubaliana kuomba hilo.

Jumatano

Tumeandika kwa kamati, mimi na mume wangu kwenye meza ya Bi Mkubwa, yeye akisema sentensi moja na mimi nyingine. Tumeomba mambo matatu kwa heshima ya watoto kwa wazazi wao: barua mpya ya kutumwa yenye majina yetu wawili na kazi ya kila mmoja, ombi la kibali kwa kila mmoja badala ya mmoja kuwa mtegemezi, na akaunti ya saini mbili. Tumeeleza sababu za kisheria kwanza, kwa kuwa zina tarehe za kufuata, kisha sababu za imani. Sikuzipunguza hizo za pili. Nimewaandikia habari za Rosine, za Lucy na za Priska.

Baba Mchungaji ameongeza barua yake fupi. Mama Mchungaji ameisoma yetu, akabadilisha salamu ya mwanzo ili mzee wa kanisa aliye mkubwa kwa umri atajwe kabla ya mwenyekiti, ingawa mwenyekiti ndiye mwenye cheo. Ni sawa kabisa.

Ijumaa

Mwenyekiti wa kamati amepiga simu. Barua mpya imekubaliwa na itakuja na muhuri wiki ijayo, majina mawili na kazi mbili. Alisema mama mmoja mzee katika kamati, aliyekuwa kimya kikao kizima, alisimama baada ya kusomewa habari za Rosine akasema yeye mwenyewe alikaa na mumewe mwinjilisti huko Turkana miaka mingi na hakuna daftari la kanisa lenye jina lake. Wameamua kulitafutia nafasi jina hilo pia.

Kuhusu akaunti, hawajaamua. Mtunza hazina anaona saini mbili za watu wa nyumba moja hazitoshi, anataka ya tatu ibaki Nakuru. Mimi naona hoja yake ni nzuri. Mume wangu anaona itachelewesha manunuzi ya vipuri. Itarudi kwenye kikao kijacho.

Hali ya mradi ilivyo leo: utambulisho wa mtaa umekamilika, bajeti imeandikwa upya, bei za ushonaji zipo, barua iko njiani, ombi la vibali linaisubiri. Wiki ijayo ni mazoezi ya kazi. Mume wangu atakwenda Kisarawe na fundi wa visima. Mimi nimepangwa Mbagala, kwa kikundi cha akina mama wanaoshona sare za shule, nikae nao, nione wanavyogawana kazi na fedha. Kila mmoja ataandika taarifa yake, na kuanzia hapo shajara hii itakuwa na mikono miwili.